Maji ya Kwanza

“Mimi nauliza habari ya ndizi, Baba, wewe unanijibu habari ya kinyozi.”

“Kwa sababu kwa kinyozi hakuna ndizi. Kuna nywele.”

“Nani kasema ndizi zinauzwa kwa kinyozi? Pembeni ya kinyozi kuna mwanamke mwenye meza ya matunda. Nimepita pale, nimemwona. Ndizi, machungwa, parachichi, kila kitu daktari alichokukataza kimepangwa kwenye meza moja, na wewe kila asubuhi unakaa hatua mbili kutoka hapo unasukuma kete.”

“Sasa kosa la ile meza ni langu?”

“Usinichekeshe, sicheki.”

Mama Pacha alikuwa amewapa mgongo mkwewe na wifi yake, anakata karoti. Hakugeuka. Alizikata ndogo, moja baada ya nyingine, akazisukuma kwa ubapa wa kisu mpaka ukingoni mwa ubao, zikaangukia kwenye sufuria kubwa. Humo adesi zilikuwa zimeshaanza kuchemka pamoja na viazi, na maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, saa ya supu ya wiki. Mama Pacha alikuwa karani wa ghala la vifaa vya ujenzi, mtu wa kupanga vitu kwenye rafu na kuvibandika majina, na akifika jikoni hakugeuka kuwa mtu mwingine. Alipika sufuria moja ya adesi na mboga, akaigawa kwenye makopo, akaandika siku kwenye utepe wa karatasi, akayapanga kwenye friza. Katikati ya wiki akirudi kazini miguu inawaka moto, kilichobaki ni kupasha tu. Makopo ya wanawe mapacha na ya kwake, na ya mumewe siku ambazo lori lilimrudisha nyumbani, yalikuwa na vifuniko vyeupe. Ya mkwewe yalikuwa na vifuniko vya bluu, yamekaa rafu ya juu peke yake, na kila moja lilikuwa na neno BABU kwa herufi kubwa, ili asije mtu akakosea.

Babu mwenyewe alikuwa ndiye huyu aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa. Mtaa mzima ulimwita Fundi Saa. Macho yalikuwa yamekataa magurudumu madogo siku nyingi, lakini jina lilibaki. Sasa figo nazo zilikuwa zimechoka. Ijumaa alikwenda kliniki kupimwa damu kama kawaida yake, akapelekwa na binti yake, mwalimu, huyu aliyesimama katikati ya jiko akiwa na mkoba begani. Kipimo kilionyesha potasiamu imepanda kupita kiasi, na mwalimu akaelezwa bila kuzungushwa kwamba ikipanda hivyo moyo unaweza kusimama tu, bila hodi. Walimlaza mzee, wakambandika nyaya kifuani, wakamwachia Jumamosi jioni. Kabla ya kumwachia daktari aliuliza swali moja: huyu mzee anakula nini huko nyumbani?

Swali hilo ndilo mwalimu alilokuja nalo. Alilipeleka kwa baba yake. Halikumpitia akilini kulipeleka kwa aliyeshika upawa.

“Tuachane na utani,” alisema mwalimu. “Wifi yangu huyu hapa. Mtu anafanya kazi siku sita, ya saba anasimama jikoni. Anakupikia chakula chako mwenyewe, anamwaga maji yake, anakichemsha mara mbili, anakiandikia jina. Mimi binti yako wa kukuzaa sijui kama ningeweza. Halafu wewe unatoka hapa unakwenda kumharibia kazi yake kwa ndizi. Huoni haya, Baba?”

Kisu kilisimama juu ya ubao.

“Wifi, mimi usinitaje,” alisema Mama Pacha.

“Nitakutaja. Watu kama wewe hawatajwi, ndiyo maana.”

Mama Pacha alichukua kitunguu ambacho hakukihitaji, akaanza kukimenya. Angalau kitunguu kingempa sababu ya macho yake kulowa.

Ukweli ulikuwa huu. Dada wa lishe pale kliniki alimwonyesha kwa mikono. Adesi ziloweke. Viazi na karoti vikatwe vidogo. Vyote vichemshwe kwenye maji mengi, halafu yale maji ya kwanza yamwagwe, yote, maana ndiyo yanayotoka na ile potasiamu. Kisha uanze upya na maji mengine, bila nyanya, bila spinachi, na umpimie mzee kiasi chake. “Kwa mgonjwa huyu, mama, kazi yako kubwa ni kumwaga,” dada yule alisema, na Mama Pacha alicheka, akaona ni kazi rahisi kuliko zote alizowahi kupewa.

Na aliifanya. Sufuria mbili kila Jumapili, moja ya nyumba, moja ya mzee. Halafu ukafika wakati wa kuhesabu mali ghalani. Bosi akataka watu waingie hata Jumapili asubuhi, na Jumapili yake ikabaki nusu. Siku moja gesi ilianza kulegea katikati ya mapishi, moto ukawa kama wa mshumaa, nguo za shule za mapacha bado ziko kwenye beseni. Akatazama sufuria ile ya mzee, akatazama ile ya nyumba. Akasema moyoni, leo tu. Akachota supu ya nyumba, nyanya na spinachi na kila kitu, akaimimina kwenye makopo ya bluu, akafunika, akaandika BABU.

Roho ilimsuta usiku ule. Jumapili iliyofuata ilimsuta kidogo. Iliyofuata tena hakuisikia. Kuhesabu mali kuliisha, Jumapili ikarudi nzima, lakini sufuria ya pili haikurudi jikoni. Ilikuwa juu ya kabati, ndani yake mmehifadhiwa vibanio vya nguo.

Kifuniko cha bluu kiliendelea kusema uongo kwa niaba yake, na chenyewe hakikuwa na uso wa kubadilika rangi.

“Sasa sikiliza, Baba,” mwalimu alikuwa akisema. Sauti ilikuwa imeshuka, na ilikuwa mbaya zaidi ikiwa chini. “Nililala kwenye benchi Ijumaa nasikiliza ile mashine. Kila ikichelewa kulia, na mimi nachelewa kuvuta pumzi. Sitaki tena. Nimeongea na kaka, yuko njiani na lori lake, amesema nifanye ninaloona sawa. Ninaloona sawa ni kwamba ufunguo wa geti nauchukua mimi.”

Ufunguo wenyewe ulikuwa mezani tayari, karibu na sahani ya nyanya zilizokatwa. Fundi Saa aliufunga kwenye mkanda wa ngozi wa saa ya zamani ili usimpotee mfukoni. Kila asubuhi mapacha wakishakwenda shule na Mama Pacha akishakwenda ghalani, mzee alijifungulia, akajifungia, akatembea taratibu hadi kibarazani kwa kinyozi, ambako walimwekea drafti na kiti chenye mgongo. Nyumbani alirudi na habari za mtaa mzima, nani kanyolewa vibaya na nani kakataa kulipa. Ndizo alizosimulia jioni wakati supu inapashwa.

“Nitafungiwa?” aliuliza mzee.

“Hutafungiwa. Utapumzika.”

“Kwa kufuli.”

“Mpaka kipimo kishuke, Baba. Kikishuka tutajua.”

Fundi Saa alitazama mkanda ule wa ngozi. Kisha alimtazama Mama Pacha, mgongo wake, na kisu kilichokuwa kikizunguka kitunguu kilekile kisichoisha kumenywa. Alikohoa.

“Haya. Nimekula.”

“Umekula nini?”

“Hizo ndizi zako. Nimekula. Basi, yaishe.”

Mwalimu alishusha mkoba begani kama mtu aliyefika mwisho wa mlima. “Ngapi?”

“Sikuja na mizani.”

“Lakini wewe ndizi hupendi,” alisema mwalimu, na kwa mara ya kwanza alisitasita. “Tulipokuwa wadogo ulikuwa unatufukuza mezani tukizila. Ulikuwa unasema zinanuka gundi.”

“Uzeeni mtu hubadilika. Sasa napenda gundi.”

Mwalimu hakucheka. Alichukua ufunguo, akautia mkobani, akavuta zipu. “Asante kwa kusema kweli,” alimwambia baba yake. “Ngoja nimpigie kaka.” Akatoka hadi uani, na sauti yake ikasikika dirishani: amekiri, ndiyo, amekiri mwenyewe, ndizi.

Jikoni palibaki mchemko tu. Mama Pacha alipunguza moto. Aliweka kisu chini na kujifuta mikono, akajifuta tena ilhali imekwisha kauka.

“Baba. Kwa nini umesema vile?”

“Vipi?”

“Hukula ndizi.”

“Na wewe unajuaje?” Mzee alimtazama moja kwa moja, macho yake yenye ukungu hayakupepesa. “Ulikuwepo?”

Mama Pacha alihisi joto likimpanda shingoni mpaka masikioni.

“Mkwe wangu,” alisema Fundi Saa, “mimi macho yamekufa, ulimi haujafa. Ile supu yako ya mwanzo ilikuwa kama maji yaliyooshewa vijiko. Nilikuwa naimeza kwa heshima yako tu. Halafu siku moja nafungua kopo langu la bluu, napasha, naonja. Nyanya. Nikasema, eh, leo kuna sherehe gani? Kesho yake nikaonja, nyanya tena.”

“Ulijua.”

“Nilijua siku ileile.”

“Ukanyamaza.”

“Ningesema ungenirudishia vijiko.” Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka lenyewe. “Na pia nakusikia ukirudi jioni. Kiatu cha kwanza unakivua. Cha pili unakaa muda mrefu bila kukivua. Nikajiambia, huyu mtoto wa watu, nimwongezee sufuria nyingine kwa sababu ya figo zangu mbili mbovu? Acha nile vizuri, naye apumzike. Tulikuwa tumepatana, ila wewe hukuambiwa.”

Mama Pacha alivuta kiti, akakaa. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Maneno ya ukali angejua pa kuyaweka. Mzee huyu alikula sumu yake akihesabu kuwa anamwonea huruma, na sasa alikuwa amejitwika na hizo ndizi pia, tunda asiloweza hata kulinusa, ili yeye asivunjiwe heshima mbele ya wifi yake.

“Ungekufa, Baba.”

“Sikufa.”

“Mashine ililia usiku kucha. Mimi nilikuwa nimelala kitandani kwangu.”

“Haya, sasa unajua, na mimi najua. Kuanzia leo mwaga maji yako, nipe vijiko vyangu, nitakula bila kunung'unika. Kipimo kitashuka. Binti yangu atarudisha ufunguo. Hakuna aliyeumia.” Aliinuka polepole, akashika ukingo wa meza. “Usimwambie. Yule akikasirika hana breki, tangu mdogo. Mtakuja kukaa miaka hamsalimiani, na mimi ndiye nitakayekuwa katikati.”

Mpango wa mzee ulikuwa safi. Mtu aliyezoea kupanga vitu kwenye rafu hakuweza kukosa kuona jinsi mpango ule ulivyokaa vizuri. Shusha vibanio, osha sufuria, anza upya leo hii. Hakuna kelele, hakuna aibu, hakuna wifi wa kumtazama kwa jicho la pembeni kwenye kila msiba na kila harusi mpaka mwisho wa maisha. Mzee mwenyewe amesamehe, tena ametoa ruhusa. Nani mwingine anayestahili kuulizwa?

Alisimama, akavuta kigoda, akashusha ile sufuria juu ya kabati. Vibanio alivimimina kwenye kapu. Alikuwa ameshafungua bomba kuiosha aliposikia sauti ya mwalimu uani, sasa imetulia, karibu ya furaha.

“Hapana, hapana, si kwa muda. Ngoja tuone kipimo. Kikishuka si ndiyo tutakuwa tumejua dawa yake? Basi anakaa ndani moja kwa moja. Bora baba wa ndani aliye hai.”

Mama Pacha alifunga bomba.

Fundi Saa naye alikuwa amesikia. Alikaa tena kwenye kigoda chake, taratibu, mikono ikarudi magotini. Kidole kimoja kilisogea juu ya goti, mbele kidogo, kisha pembeni, kama kinachosukuma kete.

Ndipo Mama Pacha alipouona mpango ule vizuri, upande wa nyuma wa rafu. Atamwaga maji, damu itasafika, kipimo kitashuka. Na watu wote watasema ni kufuli lililomponya. Kadiri atakavyopika vizuri zaidi ndivyo geti litakavyozidi kufungwa. Kila kopo safi la bluu litakuwa ushahidi dhidi ya mzee huyu, na yeye ndiye atakayekuwa anayapanga kwenye friza, kwa mkono wake, Jumapili hadi Jumapili, wakati kwa kinyozi kiti chenye mgongo kinakaliwa na mtu mwingine.

“Wifi,” aliita dirishani. “Kata simu, njoo.”

“Mama Pacha,” alisema mzee kwa sauti ya chini. “Acha.”

“Nisamehe, Baba. Hili siliachi.”

Mwalimu aliingia, simu bado mkononi. “Kuna nini?”

Mama Pacha alizima moto. Aliweka chujio kubwa ndani ya sinki, akachukua matambara mawili, akashika masikio ya ile sufuria na kuiinua. Ilikuwa nzito, imejaa wiki nzima. Aliiinamisha. Maji yale ya rangi ya chai yalishuka kwa mvumo, mvuke ukampanda usoni na kumwingia puani, harufu yote nzuri ya adesi na karoti ikaondoka nayo, ikaingia kwenye tundu la sinki. Aliendelea kumimina mpaka tone la mwisho. Kwenye chujio zilibaki adesi na mboga, zimepauka, zinatoa moshi.

“Haya ndiyo maji ya kwanza,” alisema. “Umesikia habari zake. Yanatakiwa kumwagwa kila Jumapili. Leo ndiyo mara ya kwanza nayamwaga tangu tulipoanza kuhesabu mali kazini.”

Mwalimu alitazama sinki, kisha akamtazama yeye. “Sijaelewa.”

“Umeelewa. Baba hajala ndizi yoyote. Amekula chakula changu. Nilichoka, nikaacha kupika sufuria ya pili, nikawa namwekea supu ya nyumba ndani ya makopo ya bluu. Nyanya, spinachi, na haya maji. Daktari aliuliza anakula nini, na aliyetakiwa kuulizwa ni mimi.”

Mwalimu aliweka simu mezani, uso chini.

“Nimekusifia hapa,” alisema polepole. “Umesimama, umenisikiliza nakusifia.”

“Ndiyo.”

“Nimemtukana baba yangu mbele yako. Nimemwambia haoni haya.”

“Ndiyo. Mimi ndiye niliyekuwa sioni.”

“Na wewe, Baba, hizo ndizi?”

“Zinanuka gundi,” alisema Fundi Saa.

Mwalimu alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu, na Mama Pacha aliona wazi kuwa jambo hili halitaisha leo, wala mwezi huu. Hakujaribu kuliharakisha. Alikwenda kwenye friza, akashusha makopo ya bluu yaliyobaki wiki iliyopita, magumu kama matofali, akayapanga mezani mbele ya wifi yake, maneno BABU yakiwa yameelekea juu.

“Haya nayo ni uongo,” alisema. “Nitayapasha sisi tuyale, sisi hayatudhuru. Utepe nautoa.” Akaanza kubandua, mmoja baada ya mwingine, kwa kucha, karatasi ikichanika na kuacha gundi. “Kesho siendi kazini. Nakwenda naye kliniki mimi, nawaambia nilichofanya, wapange dawa zake wakijua. Kaka yako nampigia mwenyewe leo. Lakini kuna kitu kimoja nakitaka sasa hivi, wifi, kabla hujaanza kunisema, na una haki ya kunisema.”

“Kitu gani?”

“Kipo mkobani mwako.”

Mwalimu aliuvuta mkoba karibu. Kisha zipu ililia. Ufunguo ulitoka na mkanda wake wa ngozi, akaushika kidogo, kama anaupima uzito, akampita Mama Pacha bila kumtazama na kuuweka kwenye kiganja cha baba yake. Hakusema pole. Alimkunjia vidole juu yake, kimoja kimoja.

“Usichelewe,” alimwambia. “Na ile meza ya matunda uipite upande wa pili.”

“Nitaziba na pua.”

Fundi Saa alisimama, akaweka kofia yake sawa, akatoka. Walisikia miguu yake uani, kisha kufuli, kisha geti likisaga kwenye bawaba zake, likafungwa kutoka nje.

Mama Pacha aliosha sufuria iliyokuwa ya vibanio, akajaza maji mapya, akachota adesi za mzee kutoka kwenye chujio, akawasha moto wa pili.